Sahihi ya Jirani

Sare alizoshona Irine Awino hazikufumuka. Mtoto angeweza kurefuka mpaka magoti yakachungulia, kitambaa kikapauka kama majivu, lakini mshono ungebaki palepale. Kwa ajili hiyo wazazi wa Suna, hapa Migori, walimwendea miaka nenda miaka rudi. Mtu akipanda boda boda alisema tu, "Nipeleke kwa Irine," na mwendeshaji alijua ni kile kibanda cha mabati kando ya barabara, chenye cherehani mlangoni, na nyuma yake nyumba ya udongo iliyopakwa simiti.

Hayo yalikuwa zamani. Siku hizi watu walisema, "Nishushe kwa gorofa ya Edinah."

Irine aliposikia maneno hayo mara ya kwanza alijidunga sindano kidoleni. Alinyonya damu, akaendelea kushona. Lakini tangu siku hiyo hakuna tofali lililopanda ploti ya jirani asilione. Aliona vigae vyekundu vilipofika. Aliona vioo vya madirisha vikishushwa vikiwa vimefungwa kwa makaratasi, akaomba moyoni kimoja kivunjike, kisha akajionea haya. Mumewe Walter, aliyekuwa akichimba dhahabu Macalder na kurudi nyumbani mwisho wa juma akiwa na vumbi jingi kuliko dhahabu, alisimama siku moja uani akaangalia juu akasema, "Huyu mama kweli amejenga!" Jioni hiyo Walter alikula mboga isiyo na chumvi, na hakuambiwa kosa lake.

Kilichomuuma Irine zaidi ni kwamba Edinah Nyasuguta alikuwa mtu wake. Alikuja kutoka upande wa Kisii akiwa msichana, na mfuko mmoja wa nguo, akabisha pale kibandani akaomba kufundishwa kushona. Irine alimpa kigoda, halafu akampa cherehani ya pili, halafu akampa kitanda. Walikula sahani moja. Mvua ikinyesha walikimbilia sokoni chini ya mwavuli mmoja. Edinah hakujua Kijaluo, lakini alijifunza neno moja mapema, nyamera, dada yangu, na alimwita hivyo mbele za wateja, akilitamka kwa lafudhi ya kwao mpaka watu wakacheka. Kisha asubuhi moja akaondoka. Akapanga chumba upande wa pili wa soko, akaanza kuuza vitambaa, halafu viatu vya shule. Ploti iliyopakana na ya Irine ilipouzwa, ni yeye aliyeinunua. Alirudi akiwa jirani, na sasa alimwita Irine kwa jina la mwanawe, "Mama Chrispine," kama mtu yeyote wa barabarani.

Basi gari la matangazo lilipopita likisema kwamba kaunti inabadilisha kanuni za vibali vya ujenzi na wananchi waje watoe maoni, Irine hakujali. Aliyemfanya aanze kujali ni Abdirashid, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliyekuwa na nakala ya rasimu ya kanuni hizo kaunta kwake. Irine alikuwa amekwenda kununua misumari.

"Kuna kifungu hapa kitatuua sisi wauza simiti," Abdirashid alilalamika. "Eti mtu akitaka kuongeza gorofa, lazima kwanza jirani anayepakana naye aweke sahihi kwamba amekubali. Sasa jirani akikataa je?"

Irine alisahau misumari. Alijua, kama Suna nzima ilivyojua, kwamba Edinah anataka kupandisha ghorofa nyingine, ya vyumba vya kupangisha.

"Jirani akikataa?" aliuliza polepole.

"Basi hujengi."

"Ni kanuni nzuri sana hiyo," Irine akasema, akatoka.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Irine alivaa kitenge chake cha kanisani akaketi mstari wa pili. Walter alikaa kando yake, ameletwa kwa nguvu. Mbele kulikuwa na afisa wa mipango ya mji, mwanamume mwembamba aliyevaa koti licha ya joto lote lile, akipigapiga maikrofoni iliyolia kama paka aliyekanyagwa. Edinah aliketi ng'ambo ya pili, amevaa gauni la rangi ya zambarau. La kununua, Irine aliona mara moja; mtu aliyefundishwa kushona na Irine mwenyewe, amevaa nguo ya dukani.

Afisa alisoma kifungu cha sahihi. Abdirashid akawa wa kwanza kuinuka.

"Jamani, jirani wa leo si jirani wa kesho," alisema. "Leo mnakunywa chai pamoja, kesho kuku wake amekula sukuma wiki yako. Siku hiyo ndiyo utamwomba sahihi?"

Watu wakacheka. Irine hakucheka. Aliinua mkono, akapewa maikrofoni, na ulimi wake, ambao haukuwahi kuwa na breki, ukaanza safari.

Alisema nyumba za ghorofa zinawaziba jua wenye nyumba za chini, nguo hazikauki, vumbi la ujenzi linaingia kwenye chakula, maji machafu yanateremkia kwa jirani. Alisema kuna madirisha yanayochungulia bafu za watu wazima. "Mtu akitaka kwenda juu," alimaliza, "na aulize kwanza aliye chini. Ama sisi wa chini si watu?"

Ukumbi ukampigia makofi. Yote aliyoyasema yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa sababu yake. Aliketi akiwa na joto usoni. Hakumtazama Edinah, lakini alijua hasa pale alipoketi, kama mtu anavyojua jino linalouma liko upande gani.

Afisa akageuza ukurasa. Kifungu kilichofuata, alisema, kinahusu majengo ya mabati na udongo yanayotazama barabara kuu. Hayatapewa kibali tena. Yaliyopo yataondolewa, ili mji upate sura.

Ukumbi ukalipuka. Wauza samaki, vinyozi, wakaanga chapati, wote walisimama wakipiga kelele. Irine peke yake hakusimama. Hakuwa ameuliza kama rasimu ile ina vifungu vingine. Kile kimoja kilimtosha, na sasa kibanda chake kilikuwa kikibomolewa mbele ya macho yake kwa sauti ya mtu aliyevaa koti.

Kelele zilipopungua, mtu mmoja alikuwa na maikrofoni. Gauni la zambarau.

"Mimi naitwa Edinah Nyasuguta," alisema. "Wengi mnajua gorofa yangu. Lakini hamjui ilitoka wapi. Nilikuja mji huu sina kazi, sina mtu. Nilifundishwa kazi ndani ya kibanda cha mabati. Nililala nyuma ya kibanda hicho. Kama kingebomolewa wakati huo, leo hakuna gorofa ya Edinah. Bwana afisa, sura ya mji ni watu wake. Waacheni wenye vibanda wavitengeneze, wapewe kibali cha kuvitengeneza. Msiwaondoe."

Hakumtaja Irine. Hakugeuka hata kumwangalia. Ukumbi uliinuka mzima, wanawake wakapiga vigelegele, na makofi yale yalikuwa makubwa kuliko ya Irine mara mbili. Walter naye alipiga, mpaka alipoona uso wa mkewe, akaweka mikono magotini.

Walipokuwa wakirudi nyumbani alisema kwa uangalifu, "Ungemwendea umshukuru."

"Kwani nilimtuma?"

"Hukumtuma. Lakini ametusaidia."

"Ndiyo," Irine akajibu. "Nyumba amepewa yeye. Wateja amepewa yeye. Hata wema, Mungu amempa yeye mimi nikiangalia. Mimi nimebaki na nini, Walter?"

Walter, mtu mwenye busara, alisema hajui.

Mvua za masika zilipita. Kanuni zikatoka. Kifungu cha mabati kilikuwa kimeondolewa, lakini cha sahihi ya jirani kilibaki kama kilivyokuwa. Haukupita muda mrefu, Irine akiwa kwenye cherehani yake, akasikia hodi. Alikuwa Edinah, ameshika chini ya kwapa karatasi ya sahihi iliyokunjwa pamoja na ramani ya jengo.

"Mama Chrispine, nimeleta ile karatasi," alisema.

"Iache hapo. Nitaitazama."

Juma lililofuata alikuja tena. Irine alisema bado hajapata nafasi, shule zinafunguliwa, sare zimemzidi. Aliporudi tena Irine alisema miwani imepotea, nayo ilikuwa kichwani mwake. Edinah aliiona. Alivuta kigoda akaketi, akachukua kaptula iliyokuwa juu ya rundo akaanza kuipinda kwa mkono. Irine alimtazama kwa jicho la pembeni. Mkono ule haukuwa umesahau. Bado aliuma uzi kwa meno upande wa kushoto.

Akapika chai. Haikuwa na maana yoyote, alijiambia, ni chai tu.

Safari iliyofuata Edinah alileta ndizi kutoka kwao. Mara nyingine walizungumza mpaka jua likashuka, juu ya mteja fulani wa zamani aliyekuwa akitaka suruali ya mtoto wake ishonwe kubwa ya kumtosha mpaka aoe, wakacheka mpaka Irine akashika mbavu. Na kila mara, Edinah akiinuka kwenda, alitazama ile karatasi juu ya kabati, na Irine alisema, "Pitia tena Ijumaa."

Mafundi waliondoka kutafuta kazi kwingine. Vyuma vilivyochomoza juu ya ghorofa vikaanza kushika kutu. Abdirashid alimsimamisha Irine barabarani. "Mama, kama ni ubaya, umetosha. Kama ni pesa unataka, sema."

"Sitaki pesa yake," Irine akasema kwa hasira, na alisema kweli. Alikuwa ameanza kuzitazama Ijumaa kama watoto wanavyotazama sikukuu. Alifagia uani mapema. Alinunua sukari nzuri. Akisikia viatu mlangoni na vikawa vya mtu mwingine, alimjibu mtu huyo vibaya.

Ijumaa moja Edinah hakuketi.

"Mama Chrispine, kama hutaki, niambie hutaki. Mimi nimechoka kuja."

Neno hilo lilimchoma Irine mahali asipopajua. "Umechoka kuja? Umechoka kuja hapa? Hukuchoka wakati ule ulipokuwa huna pa kulala!"

"Sikusema hivyo."

"Uliondoka bila kuniaga! Nilitoka sokoni nikakuta kitanda kimetandikwa, wewe haupo. Nikakuta kigoda kimeegemezwa ukutani kama cha mtu aliyekufa. Nilikukosea nini, Edinah?"

Edinah akavuta kile kigoda, akaketi polepole, mikono mapajani.

"Ningeagaje?" alisema. "Wateja walianza kuniulizia mimi. Mtu akisema, 'Yuko wapi yule msichana, nataka anishonee yeye,' wewe ulikuwa unanuna siku nzima. Ulinificha nyuma. Ulisema mshono wangu ni mbaya, halafu nikakuona ukiufuata. Nilikupenda, lakini nilikuwa nauogopa uso wako. Niliondoka ukiwa sokoni kwa sababu ningeuona uso huo nisingeondoka."

Nje pikipiki ilipita ikipiga honi. Irine alishika gurudumu la cherehani akalizungusha kidogo, mbele, nyuma. Alitaka kusema ni uongo. Alimkumbuka mteja yule hata kwa jina. Aliukumbuka ule mshono.

Mwisho akainuka, akaichukua karatasi juu ya kabati, akapangusa vumbi.

"Dirisha la ngazi," alisema, bila kumtazama. "Kwenye ramani linaangalia bafu yangu."

"Nitalihamisha."

"Na uweke mfereji, maji ya paa yasinimwagikie."

"Nitaweka."

Aliweka sahihi, taratibu, kwa mwandiko wake wa darasani, akampa. Edinah aliipokea kwa mikono miwili. Hawakukumbatiana. Chai ilikuwa imeiva, wakainywa.

Ghorofa ilipanda. Watu wa Suna wangependa kusikia kwamba wivu wa Irine uliisha siku ile, lakini haukuisha. Siku walipomwaga zege alijifungia ndani akidai kichwa kinamuuma. Na Edinah, akiwa na mafundi na wapangaji, hakuwa tena na Ijumaa zote; alikuja alipopata nafasi, akakaa, akaenda.

Mpangaji wa kwanza wa vyumba vya juu alikuwa Sumeya, mwanamke kijana mwenye duka la manukato mjini. Alasiri moja Irine, akiwa mlangoni pake, aliwaona wote wawili kwenye baraza la juu, Edinah na huyo Sumeya, wakinywa kitu kwenye vikombe vidogo. Edinah alikuwa akicheka, mkono wake uko begani kwa yule mwenzake.

Irine alisimamisha cherehani. Akavua tepu ya kupimia shingoni. Hakuwahi kupanda ngazi zile hata mara moja, na alizipanda sasa akiwa ameshika ukuta, akihema, akikagua vigae kwa macho makali. Alipotokea juu wanawake wale waligeuka.

"Karibu!" Edinah alisema, amestaajabu. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nimekuja kuona kama mfereji umewekwa vizuri."

"Basi kaa kwanza, mama, unywe kahawa," Sumeya akasema, akimsogezea kiti cha plastiki kando ya ukuta.

Irine alikitazama kiti, akatazama pale kilipowekwa. Akakiinua kwa mkono mmoja, akakiweka katikati yao, akaketi.