Vidonge vya Madhabahuni

Siku mama alipoweka vidonge vyake vya presha madhabahuni, mimi nilikuwa benchi la tatu, na mikono yangu ilikataa kupiga makofi. Katika kanisa lile la mabati pale Mkuyuni ndio utaratibu: ukiombewa ukasema umepona, unakabidhi dawa zako kwenye kapu mbele ya watu, kisha unatoa ushuhuda. Mama alikabidhi boksi zima. Akashangiliwa mpaka machozi yakamtoka.

Bibi yangu, mama yake, alianguka shambani kwa presha hiyohiyo na hakuamka tena. Kwa hiyo asinitokee mtu akaniambia nitulie.

Siku ya soko mjomba alishuka kutoka milimani na karafuu zake. Kwetu Waluguru mjomba ana neno zito nyumbani kwa dada yake, na huyu ni katekista juu ya hilo. Nikamshtakia hata kabla hajaonja chai.

"Dada," akaanza, "Paulo aliomba mara tatu atolewe mwiba mwilini. Ulitolewa?"

"Haukutolewa, kaka. Lakini yule mwanamke wa kutokwa damu alimaliza mali yote kwa matabibu. Akagusa vazi tu, akapona."

"Timotheo je? Aliambiwa atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Mbona Paulo hakumwekea mikono?"

"Yakobo anasema mgonjwa awaite wazee, wampake mafuta."

"Mafuta yalikuwa dawa ya zama zile! Yule Msamaria alimtibu majeruhi kwa mafuta na divai."

"Lakini Yakobo anasema kinachomwokoa ni kule kuomba kwa imani. Hasemi mafuta."

Mjomba akacheka, akaomba chai nyingine. Nilimtegemea aamuru, yeye akanogewa na mjadala! Kila mmoja alikuwa na mstari wake, na yote imo kwenye Biblia ileile. Presha ya mama hakuna aliyeipima. Nilikasirika nikaenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Kesho yake nikanunua vidonge vilevile duka la dawa. Kila asubuhi nilisaga kimoja kwa mgongo wa kijiko, nikakitia kwenye uji wake wa mchaichai, nikasimama mpaka amalize bakuli. Nilijiona mjanja. Hata hivyo sikutulia. Nilimfuata shambani, nilimfuata kisimani, namuuliza kichwa kinaumaje, mpaka akaniambia mimi ndiye ninayemuumiza kichwa.

Siku ya tisa alinyanyuka jikoni, akashika ukuta, akateremka taratibu hadi chini. Mikono yake ilikuwa ya baridi. Nilimpakia kwenye bodaboda, mimi nyuma nimemkumbatia, hadi zahanati. Njia nzima nilikuwa namwona bibi.

Nesi akapima, akapima tena.

"Presha imeshuka mno. Mama amemeza nini?"

Nikatazama sakafu. "Namwekea kidonge kwenye uji. Yeye hajui."

"Kimoja kwa siku? Hicho ndicho anachotakiwa. Hakiwezi kumshusha hivi."

Mama alikuwa amefumba macho. Akapapasa pindo la kanga, akafungua fundo, akatoa pakiti ya vidonge iliyobaki nusu.

"Na mimi nameza," akasema. "Nilivinunua mjini, pale Msamvu, wiki ileile ya ushuhuda."

Nesi alitugombeza wote wawili kama watoto, na tulistahili. Alipotoka, nilitaka kucheka, nikalia. Mama akanishika mkono.

"Mimi niliwaogopa watu wa kanisani, mwanangu. Wewe uliogopa nini kuniambia?"

Nikaichukua ile pakiti, nikahesabu vidonge vilivyobaki.

Siku hizi anamezea kidonge chake mlangoni, kweupe, watu wakipita. Mchungaji mwenyewe alipita juzi, akasalimia, akakitazama kile kidonge, akaendelea na safari yake. Mama anakiweka kiganjani, anakiombea kwa sauti, na bado anaomba aponywe kabisa. Mimi nasimama kando na glasi ya maji. Yeye anasema amina kabla ya kumeza. Yangu huchelewa, maana nasubiri kwanza nione koo lake limeshusha.