Lori la Amisi Lilipopita Musienene

Kabla vita havijafika, watu wa Beni walimjua Sikitu kwa baba yake. Alikuwa binti wa Amisi, dereva Mwislamu aliyenunua lori kuukuu kwa Mgiriki aliyekimbia wakati wa uhuru, akawa anapandisha chumvi na vitenge Butembo na kuteremsha maharagi. Mlango mmoja wa lori hilo ulikuwa wa buluu, umetolewa kwenye gari jingine, na watoto wa mtaani wakiuona tu walianza kushangilia.

Mwaka wa nne wa uhuru waasi wakaingia mjini. Walimkuta Amisi akitia maji kwenye rejeta. Hawakumpiga. Walimwambia apande awaendeshe, na mmoja akaketi kando yake, bunduki magotini. Kesho yake mkewe Hadidja na Sikitu, aliyekuwa na miaka kumi na saba, wakashika njia ya kusini kwa miguu pamoja na nusu ya mtaa.

Walifikia Musienene, milimani kwenye baridi, kwa Tamar, mjane wa Kinande aliyezoea kumuuzia Amisi maharagi. Tamar aliwapa jiko lake walale humo. Wakimbizi wakazidi kuja. Chumvi ikaisha, soko likafa, watu wakachimba viazi vikiwa bado vidogo kama kokoto. Hadidja akashikwa na homa. Malachie, kapita aliyesimamia kijiji, akawaita watu wote.

"Maharagi ilibakia ni ya kupanda tu," alisema. "Tukiikula na bageni, mwaka kesho tutakula bulongo ya shamba? Baende."

"Bangu hapana kwenda," Tamar akajibu. "Banakula kwangu."

Siku chache baadaye, mchana kweupe, lori likapanda kilima. Sikitu alikuwa barabarani na mzigo wa kuni. Aliuona mlango wa buluu, kuni zikamwanguka, akakimbia.

Baba yake alikuwa kwenye usukani. Ndevu hazikunyolewa, shati si lake, shingo imekuwa nyembamba kama ya kuku. Macho yao yakakutana. Mkubwa wa waasi, kijana asiyemzidi Sikitu kwa miaka mingi, alikuwa ameshuka, akawatazama wote wawili.

"Huyu mutoto anakuangalia sana. Unamujua?"

"Simujue," Amisi akasema. "Ni njaa. Mutu wa njaa anaangalia kila kamiyo inapita mu njia." Kisha akamkemea kwa sauti ambayo Sikitu hakuwahi kuisikia nyumbani: "We, toka! Unasimama mu njia sababu ya nini?"

Sikitu akaelewa. Akageuka, akaokota kuni zake na kuteremka shambani, asitazame nyuma hata mara moja. Nyuma yake alisikia magunia yakitupwa juu ya lori. Ilikuwa mbegu ya kijiji kizima, na ya Tamar ndani yake.

Jioni Malachie akaja mlangoni kwa Tamar na watu wenye hasira. Miaka yote alinunua chumvi kwa Amisi, sura aliijua.

"Ule dereva ni baba yako."

Sikitu akainamisha kichwa. Kutoka jikoni, Hadidja akasema kwa sauti ya ugonjwa, "Ni bwana yangu."

"Bafukuzwe!" mtu akapiga kelele.

Tamar akasimama mlangoni. "Mbegu yangu nayo iko mule mu kamiyo. Mutu wa kukasirika ni miye. Ule mubaba alikana mutoto wake mbele ya macho yetu. Munataka alipe tena nini?"

Wakaondoka mmoja mmoja, Malachie wa mwisho.

Hadidja akamwita binti yake. "Amekonda?"

"Hapana, Mama. Ako na mwili."

Hadidja akamshika mkono. Alifariki mvua ilipoanza. Kijijini hapakuwa na Mwislamu mwingine. Wakimbizi wengi walikuwa wamekwisha kusogea mbele kutafuta chakula. Sikitu alimwosha mama yake mwenyewe, Tamar akichota maji. Malachie akaja na jembe, hajaitwa.

"Batu benu ba kufa, munabalaza banaangalia wapi?"

Sikitu akamwonyesha kibla, kaskazini, kidogo upande wa jua kutoka. Malachie akachimba hivyo hivyo.

Askari wa serikali walipofungua barabara, Sikitu alirudi Beni kuuliza madereva. Mmoja alisema lori liliungua njia ya Mutwanga. Mwingine aliapa kwamba Amisi alivuka mpaka huko Kamango akaingia Uganda. Nyumba yao ilikuwa na watu wengine. Akarudi kwa Tamar, wakalima pamoja, na wako wanakijiji waliomsalimu na wako ambao hawakumsalimu mpaka leo.

Matanga hakukaa, maana hakuna aliyemletea habari ya kifo. Mwanzoni alisema, "Baba yangu anapenda chai ya tangawizi." Baadaye akawa anasema, "Alipenda." Ni lini neno lilibadilika, yeye mwenyewe hakumbuki.