Kulia kwa Kidole

Mimi hapa mpakani Busia hakuna kitu sijaona, lakini ya juzi ilikuwa mpya. Mama mmoja wa Buhehe alikuwa kwa kibanda cha kuchaji simu, anapigia kijana yake wa yunivasiti, spika wazi.

"Baba, nyanya yako tunazika kesho. Wewe mjukuu wa kwanza, udongo ni wako kuanza kutupa."

"Mama, tuko na diskasheni ya mtihani kwa simu. Lakini picha yake nimeposti mtandaoni. Watu mia tatu wanalia!"

"Hao mia tatu watakuja na jembe?"

Kijana akakata simu.

Masomo gani yanafundisha mtu kulia kwa kidole? Mimi mwenye nimezika watu kushinda malori ya foleni ya Malaba, nilienda mazishini. Tulimngoja huyo kijana mpaka jua likachoka. Mwishowe mama alitupa udongo mwenyewe, mkono mmoja. Ule mwingine ulishika simu, labda atapiga.