Wifi Yangu Wahida na Maji ya Nambidi

Wanaosema kwamba wifi yangu Wahida alitoroka Pundanhar ndani ya mtumbwi na mwanamume wa Kimakonde wamemsahau Gracinda. Gracinda ni mke wa mwanamume huyo, Jerónimo, naye alikaa katikati ya mtumbwi safari nzima, akichota maji yaliyoingia. Walikuwa watu watatu. Naandika haya kwa sababu Wahida ni dada wa marehemu mume wangu Chaquir, na jina lake ni jina la nyumba yetu.

Wahida ana miaka hamsini na mbili. Masika hulima mpunga Pundanhar, kiangazi huuza samaki wa kukaanga Palma. Tena ni somo: yeye ndiye aliyemfunda binti yangu Nádia, na yeye ndiye wa kumtoa ndani siku ya harusi. Kwetu somo hana badala. Asipofika, biarusi hukaa chumbani, wageni huondoka, na maneno hubaki miaka.

Nádia aliolewa nyumbani kwetu Namoto mwaka jana, siku ya Ijumaa. Alhamisi mvua ilikata barabara na Wahida alikuwa bado shambani. Alinipigia simu.

"Wifi, wewe pamba nyumba. Nakuja."

Sikumuuliza kwa njia gani.

Nambidi ni kijito ambacho hata watu wa Palma hawakijui. Kiangazi mbuzi hukivuka bila kulowa magoti. Mvua ikizidi, kwa siku tatu nne hujaa na kushuka kwa kasi juu ya mawe mpaka mto Ruvuma, unaopita karibu na Namoto. Jerónimo, jirani wa Wahida shambani, hukishuka kila masika. Wamakonde ni watani wetu, kwa hiyo hawakuanza kwa adabu.

"Mtani," Jerónimo alimwambia alfajiri ya Ijumaa, "ukifa maji huku nitamwambia nani?"

"Utamwambia mkeo. Anakwenda nasi, atakaa katikati."

Wahida alikaa mbele na kafi, furushi la nguo za biarusi likiwa magotini. Mporomoko wa kwanza wa maji waliupita salama. Kwenye wa pili, Jerónimo alipaza sauti kutoka nyuma: "Kushoto, kwenye povu."

Wifi yangu amezaliwa pwani. Baharini, maji yakifanya povu, hapo pana mwamba, na mtu mwenye akili hulikimbia povu. Kulia aliona maji meusi, laini, yameinuka kidogo. Akapiga kafi kulia. Chini ya ulaini ule palikuwa na jiwe. Mtumbwi ulilipanda, ukalala ubavu, wote watatu wakaingia majini mpaka kifuani. Wahida aliliachia kafi likachukuliwa na maji, akaliinua furushi juu ya kichwa.

Jerónimo alicheka mpaka akakohoa. "Mawe ya kwenu hupiga kelele, mtani. Ya kwetu hujifunika shuka."

"Cheka, lakini nipe kafi lako," Wahida alisema. "Wewe shika upondo."

Gracinda alimwambia mumewe afunge mdomo, wakaunyanyua mtumbwi, wakayamwaga maji. Kwenye mporomoko wa tatu, ulio mkubwa kuliko yote, Wahida alielekea povuni moja kwa moja. Gracinda alinieleza kwamba walishuka kama mtu anayeteleza kwenye matope, na kwamba walipofika chini Wahida aliuliza kama kuna mwingine. Haukuwepo, akasikitika.

Alitufikia kabla ya adhana ya alasiri, nguo zikichuruzika maji, furushi kavu. Nádia alikuwa kitandani tangu asubuhi, amefunikwa, hataki kula. Wahida alibadili nguo, akaingia kwa biarusi, akafunga mlango. Baada ya muda nilimsikia mwanangu akicheka. Kisha wakatoka wawili, somo mbele, na vigelegele vikapigwa mpaka barabarani.

Watu huniuliza alimwambia nini biarusi mle ndani. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango na niliyasikia yote. Sisemi.