Siku Niliyomsuka Farasi wa Birgitta

Aibu niliyoipata uwanjani siku ile sikuipata hata siku ya harusi yangu, kisigino cha kiatu kilipokatika mbele ya mchungaji, na nawaambia mimi mwenyewe kabla hamjaisikia kwa rafiki yangu Mama Esperance, maana yeye akisimulia anaongeza chumvi (anasema eti farasi alicheka, farasi hakucheka, alikuwa anatafuta karoti).

Mnanijua, mimi ni msusi. Shule niliiacha darasa la tatu kule Bukavu, lakini mikono yangu ilisoma yenyewe, na hapa Akalla, Uswidi, hakuna bibi harusi wa kanisani kwetu ambaye kichwa chake hakijapita magotini kwangu. Sasa nina mjukuu, Neema, miaka kumi na tisa, ananiita koko kama tunavyowaita bibi kwetu, namsemesha Kiswahili ananijibu Kiswidi, tunaelewana hivyo hivyo. Huyo mtoto tangu mdogo ni farasi tu. Wenzake wanaenda Kista kuzunguka madukani, yeye anaenda kuchota mavi ya farasi bure, na kurudi amefurahi!

Farasi mwenyewe anaitwa Bosse. Ni aina wanayoiita kobi, yaani mfupi, mnene, shingo kama gogo, na manyoya yamemwagika juu ya kwato kama amevaa suruali ya baba yake. Mwenye farasi ni Birgitta, mama wa Kiswidi wa umri wangu, nyonga zimemchoka hapandi tena, akawa anatafuta mtu mmoja wa kumwachia Bosse, ampande na kumtunza kama wake. Waliomtaka walikuwa wawili. Msichana mwingine alishamwonyesha Bosse kwenye maonyesho ya kwanza, vizuri tu, na Jumamosi ile ilikuwa zamu ya Neema, kisha Birgitta angeamua. Neema wiki nzima hakula vizuri. Hata mimi sikula vizuri (nilikula, lakini bila hamu).

Ijumaa nikaenda naye bandani, nikamwona anachagua vitu vya kumvalisha Bosse. Kulikuwa na lijamu mbili ukutani, ile mikanda ya kichwani, moja nyembamba ina vijiwe vinavyong'aa pale kwenye paji la uso, nyingine ngozi pana ya kahawia, haina hata ua moja. Akachukua ile ya kahawia.

"Neema, hiyo ni ya msiba," nikamwambia.

"Koko, kichwa chake ni kikubwa. Ukimvalisha ile nyembamba ataonekana kama mzee aliyevaa miwani ya mtoto. Kobi anaonyeshwa alivyo. Ngozi nene, tandiko la kawaida, kitambaa cheupe chini yake, nywele wazi. Jaji anataka kuona shingo na miguu, si mapambo."

"Na wewe?"

"Koti la kahawia. Tai."

Moyoni nikasema Mungu wangu, huyu mtoto anampeleka Bosse mbele ya watu hajachanwa. Kwetu mtu akienda kutazamwa hutoki naye nyumbani nywele zimesimama, watu watasema hana mama.

Jumamosi tukafika, mimi na Mama Esperance, tumevaa kitenge cha aina moja kama wakwe, tumekuja kumsindikiza mtoto wetu. Neema akamfunga Bosse, akaniambia, "Koko, naenda kujiandikisha. Simama naye tu. Usimguse." Nikasema sawa. Na nilisimama naye kweli! Lakini nywele zilikuwa zimemfunika macho, maskini, haoni hata anakoenda, nikasema acha nimsuke msuko mmoja tu, pale mbele, aone njia.

Jamani, ninyi mnajua nywele za farasi zilivyo? Ndefu, nzito, hazikatiki, na kichwa chenyewe hakilalamiki kwamba unavuta! Miaka yote nasuka vichwa vinavyolia, leo nimepata kimoja kimelala usingizi. Mmoja ukazaa wa pili, wa pili ukazaa wa kumi. Chanuo na mafuta ya mnyonyo havitoki kwenye mkoba wangu, basi nikapaka shingo, ikang'aa, nikaona mgongo umebaki mkavu, nikapaka na mgongo. Mama Esperance naye, badala ya kunizuia, akafungua kitenge chake cha kiunoni (ndani alikuwa na sketi, msiogope), akasema, "Hicho kitambaa cheupe ni cha hospitali, weka hiki." Tukaweka.

Neema akarudi anakimbia, jina lake linaitwa. Alisimama akatutazama, rangi ikamtoka.

"Nej. Nej, nej, nej. Hapana, Koko!"

Akaanza kufumua upande mmoja, muda hakuna, akatupa tandiko juu ya kile kitenge, akafunga mkanda, akapanda. Basi Bosse akaingia uwanjani upande huu bibi harusi, upande huu nywele zimejikunja kama aliyetoka kupigwa na umeme. Wale wengine wote kahawia, wametulia kama watu wa benki. Watu wakageuka. Mama Esperance akadhani tunapendwa, akapiga vigelegele.

Jaji akaamuru wakimbie kidogo. Hapo ndipo nilipoona tandiko linahama. Pole pole, mafuta yanafanya kazi yake, Neema anainama, anainama, kama picha iliyopinda ukutani, na mwisho akamwagika kwenye nyasi. Bosse akasimama palepale. Neema hakujitazama hata mwenyewe, aliinuka akashika miguu ya farasi mmoja mmoja, akaona hajaumia, akalegeza mkanda, ndipo akafuta uso.

Wakatolewa. Birgitta akaja na fimbo yake, akapitisha kidole mgongoni, akanusa.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi," Neema akasema.

Mtoto ananifunika, na huyo farasi anampotea! Nikapita chini ya kamba, kilemba kikabaki kwenye kamba, kichwa changu cha mvi nje mbele ya wazungu wote (msusi ambaye mwenyewe hakusukwa, mnaona), nikasema kwa Kiswidi changu nilichookota nikifagia ofisi: "Det var jag, ni mimi. Yeye alinikataza. Mimi sikusikia."

Birgitta alifuta kidole kwenye koti lake. Kisha akamwuliza Neema, "Unamwonea aibu bibi yako?"

"Ja," Neema akasema. "Sana." Na akanishika mkono.

Yule mama akasema yule msichana mwingine alishinda utepe wa zawadi, lakini alipoteremka alikimbilia simu yake, huyu alipoanguka alikimbilia miguu ya Bosse. "Jumatatu saa kumi na moja alfajiri," akamwambia, "uje umlishe. Na bibi yako aje na sabuni."

Mafuta ya mnyonyo, nawaambia, hayatoki. Nilisugua Jumamosi tatu.

Tangu siku ile nimeapa, kichwa ambacho mwenyewe hajakileta magotini kwangu sikigusi. Maonyesho bado naenda, Neema akipita na Bosse nywele zimemwagika hovyo hovyo nami nakaa kwenye benchi, mikono yote miwili nimeikalia, mpaka watoke.