Marando ya Mama Yaliyoliwa na Mbuzi

Wewe uliyekulia kambi ya wakimbizi Tanzania kama mimi, sogea unisikilize, maana nikilinyamazia jambo hili litanichoma tumbo. Mdogo wangu Dezire amewalisha mbuzi marando ya mama.

Kwa vijana wanaokijua kiazi kitamu kikiwa sahanini tu, marando ni zile kamba za kijani zinazotambaa juu ya tuta. Ndiyo mbegu yake. Mvua ikikukuta huna marando, msimu huo huna kiazi.

Nakumbuka kiangazi cha kambini, vumbi likiingia mpaka kwenye uji. Mama alikuwa na tuta moja nyuma ya bomba, pale maji ya ndoo za watu yalipomwagika. Kila jioni tulipeleka huko maji tuliyonawia na kuoshea sahani, tukiyabeba kwenye kopo la mafuta ya msaada. Aliyeyamwaga njiani alirudi kuomba mengine kwa jirani, na wenzake wakamzomea hadi mlangoni. Mvua ya kwanza ilipoanguka, majirani walikuja na mama akawakatia wote, hata yule aliyetutukana kwa sababu ya kuni. Tulinuna. Yeye akasema, "Nikimnyima, yangu yakikauka nitaomba kwa nani?"

Tuliporudi Burundi, wenzetu walipakia milango na mabati. Mama alipakia beseni la marando, akayafunga kwa kitenge chake kipya kilicholowa, na sisi tuliovaa viraka tukapewa kazi ya kukinyunyizia maji mpaka nyumbani Gasorwe.

Nilipoolewa Makebuko, mkoa wa Gitega, niliondoka na fungu langu. Kiangazi hiki limekauka lote, kosa langu, nakiri. Basi nikapanda gari kutoka Gitega hadi Muyinga, nikaingia Gasorwe kwa miguu, moyo umetulia: kwa Dezire marando ya mama yamo bondeni, karibu na maji. Nikakuta kabichi.

"Marando yako wapi?"

"Nilipatia mbuzi, dada. Kabichi iko inatoka vizuri."

"Ya mama, Dezire?"

"Aa, marando iko mingi sokoni! We unalilia majani?"

Majani! Mama alikwisha kufa, na kiazi kile chekundu nje, cha njano ndani, kikavu mdomoni kama kiini cha yai, sijakiona katika soko lolote. Dezire alizaliwa baada ya kurudi, hakubeba kopo hata siku moja. Ana simu inayomwambia kesho mvua itanyesha saa ngapi, lakini cha kupanda hana.

Niliingia bandani kwa mbuzi na kitenge changu cha kanisani, nikapekua kinyesi kwa mikono. Nikapata vipande vinne vilivyotafunwa nusu. Hapo ndugu yangu akaona haya, akakichukua kimoja na kukichomeka ardhini upesi.

"Umekipanda kichwa chini!"

"Dada, kwani iko na kichwa?"

Mtu ana watoto watatu! Enzi zetu mtoto wa chekechea alijua upande uliokatwa ndio unaoshuka, hata kabla hajajua kuandika jina lake. Lakini hasira ilinishuka nilipoona anasubiri jibu kwa kweli. Nikakaa chini, nikamwonyesha taratibu, mara mbili.

Vipande viwili vimeoza. Viwili vimetoa majani, kimoja kwake, kimoja kwangu Makebuko. Mama alijaza beseni. Sisi watu wazima wawili, na ardhi yetu wenyewe, tunalinda vikonyo viwili.

Nawe usingoje. Leo nenda kwa mwenye kiazi unachokipenda, umwombe rando lenye urefu wa mkono wako, kuanzia kiganja hadi kiwiko. Ondoa majani ya chini, lilaze kidogo upande, vifundo vitatu viingie ardhini na ncha changa ibaki juu. Kandamiza udongo kwa kiganja, kisha mwagilia kila jioni mpaka jani jipya litoke.