Goli Ambalo Lata Hakuliona

Lata amelisimulia goli la Terry Bannock mara nyingi kuliko alivyosimulia harusi yake mwenyewe. Ukisimama naye kwenye duka la mboga pale Kingsbury Road, London, na ukathubutu kutaja mpira, umekwisha. Ataweka kikapu chini, atatanua miguu, na atakuonyesha jinsi Bannock alivyouchukua mpira karibu na katikati ya uwanja, Mei 1998, dakika ya themanini na tisa, akawakalisha chini mabeki watatu, kisha akaupeleka juu kona ya kushoto huku kipa ameduwaa. Watu huacha kuchagua bamia wakamsikiliza. Hadithi ni tamu kweli, na ingefaa iachwe hivyo hivyo, ila Lata hakuliona goli hilo.

Hakuona goli lolote. Kwa miaka ishirini na sita aliuza chai chini ya jukwaa la mashariki la uwanja wa Fernley Park, na dirisha lake lilitazama choo cha wanaume. Timu ilifunga, ikafungwa, ikapanda daraja, ikashuka, na yeye alikuwa akitazama mlango ule ukifunguka na kufungwa. Mpira aliujua kwa masikio. Miguu ikikanyaga taratibu juu ya kichwa chake, mechi imelala. Ikianza kukimbilia ngazi, mapumziko yamefika, chemsha maji. Goli lilikuwa kishindo kimoja na vijiko kurukaruka ndani ya kopo. Mteja wa kwanza kushuka alimweleza lilivyokuwa, wa pili akamweleza tofauti, naye akachagua lililomfurahisha zaidi.

Angeweza kusema hivyo tangu mwanzo. Lakini wiki ile ya goli kila aliyekutana naye alimuuliza, "Wewe si ulikuwepo?" Akajibu ndiyo, jambo ambalo si uongo, na kutoka hapo ulimi uliteleza wenyewe.

Mtu mmoja tu duniani aliweza kumuumbua. Anaitwa Jotham, nesi, Mmaragoli wa Vihiga, Kenya, na alijua Lata hakuliona goli kwa sababu dakika ile yeye mwenyewe alikuwa ameegemea dirisha la chai, kikombe cha chai mkononi, uwanja nyuma ya mgongo wake. Naye Jotham amelisimulia goli lile kila Krismasi na katika kila sherehe ya Wakenya aliyoalikwa, machozi yakimlengalenga. Kwake mpira uliingia kona ya kulia. Jambo hili hawakuwahi kuliongelea. Wakikutana barabarani walisalimiana vizuri na kuulizana habari za watoto, lakini mmoja akimwona mwenzake amezungukwa na wasikilizaji, alivuka upande wa pili.

Uwanja ulibomolewa mwaka 2016 ili zijengwe fleti. Siku chache kabla, watu walikuja na bisibisi na misumeno wakachukua kumbukumbu zao: viti, nyavu, vipande vya nyasi za uwanja, hata mlango wa choo kile. Dirisha la chai hakulichukua mtu. Lata alikwenda na flaski yake siku ya kwanza ya tingatinga, akakuta jukwaa la mashariki limeshakuwa kifusi. Baadaye alitafuta picha. Alipata picha za wachezaji, za makocha, za mbwa aliyewahi kuingia uwanjani na kukojolea kijiti cha kona. Ya dirisha lake hakuna hata moja. Iliuma, tena iliuma sana, na hakumwambia mtu.

Ndiyo maana wakazi wa zile fleti walipotangaza kwamba watajenga ukuta wa kumbukumbu bustanini, wenye majina na maneno ya watu wa uwanja, na kwamba wanaanza na walioliona goli la Bannock, Lata aliamua jina lake litakuwa pale hata kwa goli la wizi.

Aliyekusanya maneno hayo ni Poonam, dada mchangamfu wa ghorofa ya tatu, mwenye daftari na kinasa sauti. Lata alifika kwenye chumba cha mikutano amejipamba, simulizi ameifanyia mazoezi mbele ya kioo, akamkuta Jotham ameshakaa.

"Nimewaita pamoja makusudi," Poonam alisema kwa Kiingereza, akifurahia mshangao aliouandaa. "Nimesikia nyote mlikuwa jukwaa la mashariki! Haya, tuanze na goli. Mpira uliingia kona gani?"

"Kushoto," alisema Lata.

"Kulia," alisema Jotham, wakati ule ule.

Poonam aliinua kichwa. Lata akacheka kicheko cha mgeni aliyemwaga chai kwenye zulia la watu, kisha akamgeukia Jotham na kuhamia Kiswahili, lugha aliyokulia nayo Kenya, tabasamu likiwa pale pale.

"Jotham, sema left."

"Mama Dipti," Jotham alimwita kwa jina la mtoto wake, kama siku zote, "mimi nimesema right for twenty-seven years. Watoto wangu wanajua right. Pastor anajua right."

"Na mimi nimesema left mpaka kwa temple. Badilisha, wewe ni mdogo."

"Mdogo? Niko na fifty-four!"

"Kwangu ni mtoto. Badilisha."

"Si useme tu hukuona? Hiyo window yako ilikuwa inaangalia toilet."

"Na wewe uliona na nini? Na kisogo?"

Poonam aliuliza kama kuna tatizo. Lata akamjibu kwa Kiingereza kwamba wanakumbushana tu, akarudi kwa Jotham akiwa amekasirika sasa, maana swali lilimjia ambalo hakuwahi kujiuliza.

"Hebu niambie. Imebaki dakika moja, watu wote wako juu wanapiga kelele, wewe ulikuwa unatafuta nini huko chini? Si ungekunywa chai baadaye?"

Jotham alikitazama kinasa sauti, kisha mikono yake.

"Baadaye kungekuwa na watu wengi. Hatungeongea."

"Kuongea nini?"

"Anything. Mama Dipti, mimi nilikuwa nimekuja January. Ward nzima walikuwa wananiita Joe. Nikirudi kwa room naongea na kettle. Ile siku ya kwanza chai yako ikanichoma ulimi, nikasema 'mama yangu!' Ukaniangalia, ukaniuliza kwa Kiswahili, 'Kijana, mbona umekonda hivi? Unakula?' London nzima hakuna mtu alikuwa ameniuliza kama nakula." "Mpira hata sikuwa na-follow. Nilikuwa nakuja kwa dirisha."

Miaka yote ile Lata aliamini watu walimfuata kwa sababu ya kiu, jicho moja kwenye saa, wakikimbilia kurudi juu kwenye mambo ya maana. Akavuta kinasa sauti karibu.

"Sikuliona goli," alisema kwa Kiingereza. "Wala yeye hakuliona. Tulikuwa dirishani, chini, mbele ya choo."

Jotham alifumba macho kama mtu anayesubiri sindano. Poonam aliweka kalamu mezani, na Lata akajua jina lake limekwenda na maji. Alianza kutafuta mkoba wake.

"Nina watu hamsini na mmoja walioliona goli lile," Poonam alisema, akifunua kurasa. "Limeingia kila kona. Mmoja anasema lilikuwa la kichwa. Wawili, kwa tarehe walizonipa, walikuwa hawajazaliwa. Hakuna hata mmoja aliyeniambia kulikuwa na dirisha." Alichukua tena kalamu. "Mlikuwa mnazungumza nini lilipoingia?"

Lata alijaribu kukumbuka, hakukumbuka. Jotham hakufikiri hata kidogo.

"Alikuwa ananifundisha kupika mboga," alimwambia Poonam kwa Kiingereza. "Sukuma hatukuipata huku. Akaniambia nichukue majani ya kijani ya Waingereza, niyakate nyembamba kabisa, nisiyachemshe kama wao mpaka yafe. Kitunguu kwanza, kibadilike rangi kidogo. Hapo tukasikia kishindo juu, dari ikatetemeka, mimi nikashika ukuta. Akasema, 'Usishtuke, ni goli tu. Sasa nyanya.'"

Poonam aliandika neno kwa neno. Alipomaliza aliuliza jina linaandikwaje, ili lisije likakosewa ukutani. Lata alianza kulitaja herufi moja moja. Ni herufi nne tu, lakini ilibidi aanze upya mara mbili.